Masufuria ya Kanisa

Mtoni, Temeke

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kaka Eliya atasema barua ni mambo ya zamani, lakini simu yake mnaisikiliza sebule nzima, na ninayotaka kukwambia leo si ya sebule. Barua hii anakuletea mama mmoja wa kwaya yetu anayepanda huko Tukuyu kumwona shangazi yake. Isome mwenyewe, jikoni, na miwani yako. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia au umeshampa jirani kama kawaida yako? Mjukuu wako Neema hajambo, yuko darasa la pili, anasoma mpaka maandishi ya mifuko ya unga. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imekaa vibaya, mama, na nimechoka kujifanya.

Unajua kwamba hapa kanisani kazi yangu ilikuwa kutunza vyombo. Kanisa lenyewe ni dogo, ukuta mmoja wa matofali na mitatu ya mabati, lakini lina masufuria manne makubwa ambayo mtaa mzima unayategemea. Akifa mtu, akiolewa mtu, wanakuja kugonga kwangu: "Mama Neema, tunaomba masufuria." Mwislamu, Mkristo, hatuulizi. Mchungaji wetu wa zamani, yule mzee aliyestaafu, aliweka masharti mawili tu. Nyama ya kuliwa na mtaa achinje Mwislamu, ili asibaki mtu na njaa. Na masufuria hayo yasiguswe na nguruwe hata siku moja. Kwa sababu hiyo majirani wamekula kwenye vyombo vyetu miaka na miaka bila wasiwasi.

Basi tumeletewa mchungaji mpya. Ni kijana, amesoma, na kuhubiri anajua, hilo simnyimi. Siku ya kumkaribisha walikuja wageni kutoka tawi letu la Gongo la Mboto na zawadi zao. Mimi sikuwepo. Nilikwenda Mwananyamala kumwangalia mgonjwa wa kanisa letu aliyelazwa, na ufunguo wa stoo nikamwachia Joeli, kiongozi wa vijana. Sikumuuliza wanapika nini. Hapo ndipo kosa langu linapoanzia na sitaki kulificha.

Jumatatu naingia stoo, nanusa. Mama, mimi nimekulia jikoni kwako, harufu ile siwezi kuisahau. Nikamwita Joeli.

"Kitimoto bwana, mama," akasema huku anacheka. "Wageni walikuja na mnyama mzima. Kwani ishu iko wapi? Si tumeosha?"

Hakujua, mtoto wa watu. Amekuja Dar juzijuzi, na kwao nguruwe ni nyama ya sikukuu kama kwetu. Hakuna aliyemweleza sharti, na sharti lenyewe hatukuwahi kuliandika popote. Nikaenda kwa mchungaji nikitegemea atashtuka. Akanikalisha, akanisomea maandiko kuhusu kinachoingia kinywani na kinachotoka, utadhani mimi ndiye mwenye shida ya kula nguruwe.

"Dada Atupele," akasema, "ukilitoa hili nje, kesho majirani watatufungia spika, keshokutwa watatufungia kanisa. Osha vizuri, tuombee, tusonge mbele."

Nikaosha. Sabuni, majivu, maji ya moto, mpaka vidole vikachubuka. Ukiniuliza kwa nini nilinyamaza nitakwambia niliogopa. Sina neno lingine.

Alhamisi ya wiki ileile ilikuwa arobaini ya mume wa jirani yangu Bi Mwanaidi. Huyo unamjua kwa habari zake. Nilipojifungua Neema, nawe ukawa umefungwa na ugonjwa wa baba, ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, akaninywesha uji wa pilipili manga, akanifokea nilipotaka kuinuka mapema. Baba Neema alipotuacha, ndiye aliyekuja na mkeka wake akakaa nami siku tatu bila kuniuliza swali. Mimi ndugu hapa sina. Nilikuwa na huyo.

Masufuria yakaenda kwake, nami nikaenda nayo kama siku zote. Nikakaanga vitunguu, nikageuza pilau, nikapakua kwenye masinia. Bi Mwanaidi alikuwa ndani kwenye eda yake, na sahani yake nikampelekea mwenyewe. Akala mbele yangu. "Mkono wako huu, mwanangu," akaniambia, "Mungu aubariki." Nikatoka uani nikasingizia moshi umeniingia machoni.

Wiki tatu nimelala nalo na kuamka nalo. Ya nne nikashindwa. Nikamkuta anachambua mchele, nikakaa chini, nikamweleza lote, tangu ufunguo mpaka pilau. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza ndipo akasema:

"Sufuria si neno, sufuria lina dawa yake. Unaliosha mara saba, moja kwa udongo. Na aliyekula hajui, Mungu ndiye mwenye kusamehe. Masheikh hawakujua, na mie sikujua." Akatupa jiwe dogo mlangoni. "Ila wewe ulikuwa unajua. Ukakaa hapo ulipokaa sasa hivi, ukanitazama natafuna."

Nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, Mama Neema." Miaka minane, mama, hajawahi kuniita hivyo. Kwake nilikuwa mwanangu, au we Atu, au we mtoto mjinga pilau likiungua.

Akamwambia sheikh, maana ilimbidi, na wanawake wachache wa karibu. Hakuna aliyekuja kupiga kelele kanisani. Hakuna aliyegusa spika. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia mchungaji kwamba nimesema, na wazee wa kanisa wakaniita wakaninyang'anya ufunguo. Eti nimetoa siri ya nyumba ya Bwana. Nikawaomba, nikasema basi twendeni wote, tuyabebe masufuria mpaka uani kwake, tuyaoshe mara saba na udongo huku wanatuona, tuombe radhi yaishe. Mchungaji akasema hatuwezi kufanya ibada ya dini nyingine. Kuosha sufuria, mama. Kuosha sufuria nako ni ibada.

Na sasa anajisifu. "Unaona? Mtaa umetulia, Bwana ametupigania." Mtaa haukutulia, umetuacha. Tangu siku ile hakuna aliyekuja kuazima hata mfuniko. Misiba miwili imepita hapa jirani, wamekodi vyombo sijui wapi, na sisi tumepita kutoa pole kama watu wa mtaa wa mbali. Jumapili tunaimba kwa nguvu, mlango uko wazi, na wale watoto wa Kiislamu waliokuwa wakisimama pale na kucheza kila kinanda kinapopigwa, hawaji tena. Mchungaji anahubiri kuwafikia wasiofikiwa. Walikuwa wanakula na sisi, mama. Tungewafikia vipi zaidi ya hapo? Nina hasira naye mpaka sala inanikwama, kisha nakumbuka mwiko ulikuwa mkononi mwangu, si mwake.

Jumamosi iliyopita Bi Mwanaidi alitoka eda. Mtaani kwetu shughuli ya jirani hungoji mwaliko. Mwanamke anaamka na kisu chake, anajifunga kanga kiunoni, anakwenda kukaa mkekani na wenzake kumenya vitunguu saumu. Nami nikafanya hivyo. Nikajisemea, nitamenya tu, sitafungua mdomo.

Wakanipokea vizuri. Wakaniuliza hali ya Neema, hali ya shule. Nilipoinama kukaa, binti wa dada yake akanishika mkono, akakichukua kisu changu polepole. "Aa, Mama Neema, usijichoshe, pumzika." Kikaletwa kiti. Kiti cha plastiki, wakakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, wakakiweka kivulini. Ikaja soda baridi na mrija wake. Basi nikakaa juu ya kiti na viatu vyangu, wao wote chini mkekani wanamenya na kutaniana, mimi kama bwana afya aliyekuja kukagua jiko. Bi Mwanaidi akatoka ndani na nguo zake mpya, amependeza, akaja mpaka nilipo. "Ahsante kwa kuja," akaniambia.

Laiti wangenitukana. Tusi ningelijua la kulifanya, ningelia, ningeomba, tungeyamaliza. Kiti unakijibu nini? Nikamaliza soda, nikaaga, nikakisahau na kisu.

Ndiyo maana nakuomba uje. Najua Dar huipendi, joto unasema linakuziba pumzi, na magoti hayataki basi. Lakini kwetu mtoto akimkosea mtu mzima hatumwi peke yake, hutanguliwa na mzazi wake. Mimi nimeshaenda peke yangu na nimeshindwa. Sitaki uniombee kwenye simu, nimeombewa vya kutosha. Nataka ukae na Bi Mwanaidi, wazazi wawili, useme unavyojua kusema. Akikataa, atakuwa amekukatalia wewe uso kwa uso, na mimi nitajua moja.

Nisalimie Kaka Eliya na mke wake, mwambie simu sijaikataa. Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie jina lake bado nalitaja kila asubuhi. Salamu kwa baba mdogo na wachuma chai wake, na kwa mdogo wangu anayesomea ualimu, aache kuringa aniandikie.

Za huku sina za kukuletea. Kila nilipokuandikia, wa kunituma salamu zako alikuwa Bi Mwanaidi. Alikuwa akisimama hapa mlangoni mpaka ahakikishe nimeziandika. Leo amepita, ameniona na kalamu, akanisalimia vizuri, akaenda zake.

Ni mimi mwanao,
Atupele