Mkia wa Dainosa wa Babu

Mauwa, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unamkumbuka dainosa wa babu? Yule wa mpingo, shingo ndefu, mkia mrefu. Baba yake alimchonga 1927, enzi akiwachimbia Waingereza mifupa ya hao wanyama kule Tendaguru.

Mguu ulilegea, nikampeleka kwa fundi Kasimiri, Keko. Nikamwambia gundi tu. GUNDI TU!

Kanirudishia twiga. Twiga, Mauwa! Kampaka madoa, mkia kaukata. Eti, "Sista, twiga gani ana mkia wa kenge? Nimekurekebishia bure."

Bure!! Na jina la baba yake babu lilichongwa mkiani.

Babu kaingia sasa hivi kutoka Lindi. Haoni siku hizi, dainosa wake anamjua kwa vidole tu.

Kampakata. Kaanzia kichwani, kashuka shingoni anatabasamu.

Sasa yuko mgongoni.