Siku Mia Tatu Ubaoni

Jumatatu, 10 Machi

296. Nimeandika mwenyewe kwa chaki, kama kila asubuhi, kwenye ubao wa getini: SIKU BILA AJALI. Afisa usalama kazini wa kwanza wa kituo hiki cha mpakani ni mimi. Nilipofika, wakaguzi walikuwa wakiingia kwenye makontena na kandambili. Leo hata dereva wa forklift ya kunyanyulia mizigo, mbishi aliyekubuhu, hagusi usukani bila helmeti. Wananiita Mama Helmeti. Waniite tu.

Ijumaa ni siku ya mia tatu. Mkurugenzi anakuja kutoka makao makuu na kikombe — kituo cha kwanza kufikisha mia tatu mpaka mzima! Nimempigia mama. Swali lake la kwanza: utavaa nini?

Jumatano, 12 Machi

298. Nimefanyia hotuba mazoezi mbele ya kioo cha chooni. Mpishi wa kantini kanikuta. Kasema ile "kwa unyenyekevu" niitoe, hainifai. Mbea, lakini msema kweli.

Fundi Sili sijamwona mchana. Ndiye mkaguzi wetu mkongwe, anayekata sili, zile lakiri za milango ya makontena. Wenzake wanasema kaenda kwa wakwe.

Alhamisi, 13 Machi

299. Nimeandika, nikaenda kunywa chai. Mpishi kaniuliza Fundi Sili anaendeleaje. Anaendeleaje na nini? Akaanza kufuta meza ambayo ameshaifuta.

Nimemkuta Fundi Sili stoo, kwenye kiti, macho mekundu, chupa ya maji mkononi. Yakatoka yote. Jana alifungua kontena la mbao, akaingia, kichwa kikazunguka, akatapika, akaanguka. Wakamvuta nje, wakamlaza stoo hadi jioni. Kontena lilikuwa limepulizwa dawa ya wadudu. Linatakiwa kuachwa wazi nusu saa, lipimwe gesi, ndipo mtu aingie. Atajuaje, na lebo ya onyo haipo?

Lebo kaibandua karani wa geti. Inaziba namba ya kontena, kamera haisomi, foleni inakuwa ndefu. Huwa anazibandua zote! Kanifungulia kabati lake bila hata kujitetea: amezibandika kwa ndani, zimepangwa vizuri, kila moja na tarehe. Kumi na tisa. Na mimi napita hapo kila asubuhi na chaki yangu.

Nimemuuliza Fundi Sili kwa nini hawakuniambia. Mtu mzima, kanizidi miaka ishirini, kainamisha kichwa. Kasema, mwanangu, zilibaki siku mbili tu, tusingekuharibia ubao wako.

Ubao wangu. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Nimempeleka zahanati mwenyewe. Daktari kasema angekaa mle dakika tano zaidi, tungekuwa tunaongea mengine.

Nimemwambia mkuu wa kituo kesho ubao unarudi sifuri; anaomba tusubiri Jumatatu. Kikombe kwanza, sifuri baadaye. Nimemuuliza, hadi Jumatatu yatafunguliwa makontena mangapi? Kasema basi, shauri yangu, na lawama zangu.

Mama kwenye simu: mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha akaongeza, lakini ile suti ya kijani uivae.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeivaa. Saa mbili asubuhi nimefuta 299 kwa mkono, mbele ya zamu nzima. Nikaandika 0. Sifuri imetoka kama yai. Nikawaambia: ubao huu si wangu. Aliyeumia aje ofisini, haadhibiwi mtu.

Nilidhani hatakuja mtu.

Wa kwanza dereva wa forklift. Helmeti kwapani. Mwezi wa nane alibanwa mguu, akasema ni mpira wa miguu. Mpishi: aliungua mkono, akauficha kwa shati la mikono mirefu. Nimejaza kurasa mbili za daftari la ajali, lile lililokuwa jeupe pe! Nilikuwa nikijivunia weupe wake, mjinga mimi.

Naandika hapa haraka wakati karani wa geti anatafuta kwenye simu yake tarehe aliyoumia yeye. Lebo zake kumi na tisa kazileta, ziko mezani. Mlangoni kuna watu sita, na Fundi Sili anawapanga foleni. Sijawahi kujivunia kituo hiki kama leo.

Mkuu wa kituo anagonga. Mkurugenzi kafika, amesimama chini ya ubao na kikombe chake, anauliza nani kaandika sifuri.

Nimejibu nikiwa ndani: mimi. Na kama ana neno aje, ila kuna watu sita mbele yake.