Injini ya Kuvuta Tela la Kasiani

Jumanne, 2 Julai 1996

Kahawa iko juani. Nimeigeuza tangu asubuhi na mgongo unauma. Baridi ya leo haina adabu.

Nimekwenda tena kulitazama tela la marehemu mume wangu. Liko nyuma ya jiko, kuku wanataga humo. Kasiani alilinunua siku ushirika ulipouza vitu vyake chakavu. Magurudumu mawili, chuma kitupu. Alikuwa akisema tukipata gari la kulivuta hatutabeba tena magunia kichwani. Hakulipata. Mimi mwaka huu nimewauzia kahawa wanunuzi binafsi, na gari nitanunua.

Mjini Mbinga, kwa Mzee Salumu, zipo pikapu mbili zilizotumika, zimetoka Dar. Moja nyeupe, ya petroli, ina redio. Nyingine ya dizeli, ya kijivu, inanguruma kama mashine ya kusaga. Watu wote wanaizunguka nyeupe. Mimi nimeipenda yenye kelele.

Alhamisi, 4 Julai

Shemeji Beatusi kaja. Ni mdogo wake Kasiani, siku hizi wakala wa mnunuzi mmoja wa kahawa. Anataka ninunue nyeupe. Ni nyepesi, inakimbia, inawaka mara moja hata kwenye baridi, na ukiwahi kijijini kabla ya mawakala wengine kahawa ni yako. Hajasema uongo. Ila yeye anawaza mbio, mimi nawaza tela.

Injini ya petroli hupata nguvu ikishakuwa mbioni. Uifungie tela kwenye mlima wa kutoka ziwani, Mbamba Bay, mbio itazitoa wapi? Utaikanyagia mpaka rejeta ichemke. Dizeli inavuta hata ikienda polepole. Na ikiniishia mafuta huko njiani, wenye mashine za kusaga wana dizeli kwenye madumu, kuanzia kijiji cha Ruanda mpaka ziwani. Petroli nitaiomba kwa nani?

Nikamweleza hivyo. Akacheka, akasema shemeji, umekuwa fundi lini. Nikamwambia nimekuwa fundi leo, umekuja siku nzuri. Chai hakumaliza.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa tukaitwa kwenye sengu, baraza la ukoo, kwa baba mkwe, Mzee Longino. Ni desturi yetu, ukoo unakula kwanza, kisha ndiyo maneno. Sikula. Wameona.

Beatusi akasema gari ni la ukoo, likae mikononi mwa mwanamume. Mwanamke na tela kwenye mlima ule, atatuletea msiba wa pili. Nikasimama. Nikasema kahawa nimeipalilia mimi, nimeichuma mimi, na kuendesha alinifundisha Kasiani kwa lori la ushirika, na humu ndani wapo waliopanda nyuma ya lori hilo nikiwa kwenye usukani na hawakulia. Nilisema kwa sauti. Sijutii.

Baba mkwe akasukuma sahani pembeni. Halafu akakata shauri. Nichague ninayoitaka, niifungie tela, nishuke Mbamba Bay na mzigo, nirudi na mzigo. Nikiushinda mlima, gari ni langu na asinisumbue mtu. Nikishindwa, funguo apewe Beatusi, achague yeye na aendeshe yeye. Ningeweza kukataa, lakini shamba ninalolima ni la ukoo wao. Nikasema sawa, baba.

Njiani nikakaa kwanza juu ya jiwe. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 10 Julai

Mzee Salumu kanipa ya dizeli niijaribu. Hana wasiwasi, anajua atauza moja kwa vyovyote.

Asubuhi imegoma. Baridi. Stata inalia, injini imenuna. Majirani wametoka na vikombe vyao vya chai kuja kutazama. Beatusi naye, bila shaka, alikuwa anapita kwa bahati tu. Tukaisukuma mteremkoni, ikakohoa, ikawaka, ikawapulizia moshi wote. Kumbe inabidi kuipasha moto kidogo kabla ya kupiga stata, na Mzee Salumu alisahau kuniambia. Au nilisahau kuuliza. Kuanzia kesho nitaiegesha kwenye mteremko na nitawahi kuamka. Siirudishi.

Ijumaa, 12 Julai

Mbamba Bay. Joto. Nimeshuka na mahindi na maharage, gia ya pili karibu mlima mzima, breki nikigusa tu. Beatusi kakaa pembeni yangu, baba mkwe kamtuma awe shahidi. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Nimefurahi sana.

Mahindi na maharage yamenunuliwa hapo hapo. Nimelala kwa Mama Stela, mchuuzi wa dagaa mwenye asili ya Ngumbo. Amenipikia mbasa, samaki wa ziwani. Ameniuliza kama naogopa kesho. Nikasema hapana. Akaniongezea samaki.

Jumamosi, 13 Julai

Nina vumbi mpaka kwenye nywele, lakini nitaandika.

Wapakiaji wa ufukweni walipakia tela wakati namalizana na wenye mchele. Magunia ya mchele, magunia ya dagaa, Mama Stela na wenzake wawili juu yake. Tukaondoka. Tambarare, safi. Mlima ukaanza, safi. Kwenye kona kali ya kwanza magurudumu ya nyuma ya pikapu yakaanza kuzunguka bure. Vumbi, mawe yanaruka, hatusogei. Halafu tukaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono, akina mama wakaruka chini, wakaweka mawe kwenye magurudumu.

Beatusi akashuka, akajipangusa vumbi, akanyoosha mkono. "Shemeji, tulikubaliana. Funguo."

Nilitaka kulia. Nilitaka kumpiga pia. Lakini injini ilikuwa bado inanguruma vilevile, haijachemka, haijachoka. Hiyo siyo sauti ya injini iliyoshindwa. Nikaizima, nikazitia funguo kifuani, nikazunguka nyuma kutazama.

Tako la pikapu lilikuwa juu. Pua ya tela, pale inapofungwa kwenye pikapu, ndiyo iliyolinyanyua. Mchele wote ulikuwa mwisho kabisa wa tela, mbele wameweka dagaa tu, wepesi. Mama Stela akatazama, akashika kiuno. Akasema wale ni watu wa ziwani, wamepakia kama wanavyopakia boti, uzito nyuma ili pua inyanyuke ikate mawimbi.

Mimi nikamfikiria mtoto mgongoni. Akiteleza mpaka kiunoni ukiwa unapanda, anakuvuta nyuma. Unainama, unampandisha, unakaza kanga. Nikawaambia akina mama, tumpandishe huyu mtoto.

Tukahamisha mchele wote mbele, dagaa nyuma. Beatusi alisimama pembeni, mikono mfukoni, akisema tunajisumbua. Pua ikashuka, springi za pikapu zikalala kidogo, matairi yakashika ardhi. Nikapiga stata. Akina mama wakaondoa mawe, wakapanda. Gia ya kwanza, bila kukanyaga sana. Ikatambaa. Polepole kama maandamano ya Ekaristi, lakini haikusimama, kona baada ya kona. Kona ya mwisho nilijikuta nalia na sikujificha. Beatusi alikuwa anatazama dirishani.

Mbinga nimefika na mzigo wangu na funguo zangu.

Jumatatu, 15 Julai

Nimemaliza shughuli kwa Mzee Salumu. Kadi ina jina langu.

Jioni kwa baba mkwe. Beatusi alianza kusema kwamba tulikwama. Baba mkwe akamuuliza kama tela limefika au halijafika. Akasema limefika. Basi. Mzee akanisogezea sahani. Nikala, na nikaomba mboga zaidi.

Alhamisi, 18 Julai

Nimeamka mapema kuipasha injini. Nimekuta mtu ameshafika kwenye tela. Beatusi, na magunia ya kahawa ya tajiri wake, ya kupeleka mjini. Hakuniona. Ameinua gunia la kwanza akaliweka nyuma, akasimama kidogo. Kisha akalivuta mpaka mbele, kwenye pua, akalikandamiza vizuri. La pili akaliweka pembeni yake.

Nimerudi ndani nikachemsha chai ya watu wawili.