Bastola Mbili, Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 9 Septemba 2019

Sasa hivi tu Matouš amechota supu kijiko kizima, akakipandisha polepole, kwa makini kabisa — hadi sikioni! Tambi zimemning'inia shingoni kama mkufu. Kijiko kilikuwa mkono wa kushoto. Mama yangu akamfuta, akakitoa kijiko kushoto, akamshikisha kulia. Matouš akakiangalia, akakirudisha kushoto. Mama akakihamisha tena. Mara nne! Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili na tayari ni mbishi kama mimi. Mama anasema bora azoee mapema, asije akachekwa shuleni. Baba alikuwa pembeni anakata mkate.

Habari kubwa: nimerudi kwenye timu! Hudeček, kocha wetu wa klabu ya shabaha, alipiga simu mchana. Jumamosi ni mashindano ya Moravia Kusini, upande wetu huu wa Cheki, na timu ya wanawake imepungukiwa mtu wa tatu. Nikamkumbusha kwamba tangu nijifungue nimeshika bastola mara sita tu. Akasema anajua, lakini wa tatu wao ameanguka kwenye ngazi akichuma plamu, kavunjika kifundo, kwa hiyo nisijione sana.

Sijioni. Nafurahi tu. Nimecheza na Matouš jikoni mpaka amecheua.

Ila kuna jambo. Klabu imepata bastola mpya, toleo la siku hizi la ile ile tunayoiita sabini na tano, na kocha anataka kuniazima moja. Nichague: ile mpya au yangu ya zamani. Fomu ina nafasi ya jina la mpigaji na nafasi ya bastola, na ukianza na moja unamaliza na hiyo hiyo.

Yangu ya zamani ni ya Baba. Miaka arobaini alikuwa kwenye kiwanda cha bastola hapa mjini Brod akizisugua kwa tupa, mpaka vidole vikawa kama vya mti. Kisanduku chake alikichonga mwenyewe, ndani kitambaa cha kijani na kitanda chenye umbo la bastola ile tu, hata kijiko hakiingii. Siku niliyopata kibali cha silaha aliniwekea kisanduku mezani mbele ya watu wote, kisha akatoka kwenda bustanini. Alikaa huko saa nzima. Mama alisema anaangalia kabichi.

Nitamwambiaje?


Jumanne, 10 Septemba

Mazoezi. Mama amebaki na Matouš.

Nimeijaribu mpya. Nzito! Lakini ukifyatua haikurukii usoni, inakaa mkononi kama kuku aliyelala. Matundu yangu matano yalikuwa karibu karibu, ungeyafunika kwa kikombe. Ile ya Baba inaruka kidogo, lakini kiganja changu kinaijua kama ninavyojua kitasa cha nyumbani gizani.

Shida yangu ni ya siku zote — mkono. Kitufe cha kuachia magazini, kile kikasha cha risasi, kiko upande wa kushoto, pale dole gumba la mkono wa kulia linapofika. Mimi ni wa kushoto. Kwa hiyo nabonyeza kwa kidole cha shahada kwa kujipinda, tena kwenye ile ya zamani magazini haidondoki yenyewe, unaivuta kama jino. Sekunde nne na nusu mpaka niwe tayari tena. Květa, mwenzangu kwenye timu, anatumia mbili. Leo aliniambia nikibadilisha magazini yeye huwa anapata muda wa kufikiria atapika nini.

Nilidhani mpya itaniponya. Wapi! Kitufe kiko upande ule ule. Inadondoka yenyewe, sawa, ila kidole changu kilikitafuta kitufe kikakikosa mara tatu. Sekunde nne na nusu. Květa akasema basi abaki na menyu yake, na kwamba baba yangu akiniona na hiyo mpya atanipa matonge yetu ya plamu yasiyo na plamu ndani.

Nilicheka. Halafu njiani sikucheka.


Jumatano, 11 Septemba

Nimeoka keki za jibini, nimeunguza upande mmoja. Nilisomea uokaji miaka mitatu! Radim wangu kala upande ulioungua, mume wa dhahabu. Anasema nimwambie Baba kabla Hudeček hajamwambia kwenye bia.

Kesho.


Alhamisi, 12 Septemba

Hudeček amemwambia kwenye bia.

Asubuhi Baba aliingia bila kuvua kofia, akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli lakini sijachagua, na kwamba nafikiri nitabaki na ile yake, maana zote mbili zinanichelewesha sawasawa. Nilidhani atafurahi. Akauliza tu zinanichelewesha wapi. Nikamwonyesha kwa mkono mtupu, hewani — kidole kinavyojipinda. Akaniangalia mkono muda mrefu. Miaka yote ananiona nikipiga, sijui kwa nini leo ndiyo aliangalia.

Mchana akamleta Hudeček na bastola mpya yenyewe. Matouš kalala chumba cha ndani, magazini zimetolewa, Hudeček kahakikisha, Baba kahakikisha tena kwa sababu hamwamini Hudeček hata kuhusu hali ya hewa. Akatandaza gazeti mezani, akavaa miwani, akaigeuza geuza. Hudeček akawa anamsifia silaha kama anauza ng'ombe, Baba akamwambia anyamaze, anasikiliza chuma.

Halafu akachukua bisibisi ndogo. Kitufe kikatoka. Akakigeuza, akakiingiza kutokea upande wa pili. Dakika tano, pamoja na kupenga kamasi! Mpya imetengenezwa hivyo, kitufe kinahama. Hudeček hakujua. Ni wa kulia, angejuaje? "Kwenye ya zamani hakihami," Baba akasema, "nilishajaribu mwaka themanini."

Nikauliza kwa nini alijaribu. Yeye ni wa kulia.

Aliichukua bastola, tupu, akaielekeza ukutani — kwa mkono wa kushoto. Dole gumba likashuka juu ya kitufe bila kutafuta. Tka. Ningeapa kafanya hivyo maisha yake yote.

Mama akasimama na mwiko mkononi.

Ndipo akasema. Darasa la kwanza, mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye kiti kwa utepe mwekundu. Mwaka mzima. Nyumbani wakaendeleza. Mwishowe akawa wa kulia, akasahau, au wote wakasahau. "Miaka arobaini nimesugua bastola," akasema, "kwa mkono usio wangu."

Hudeček akajimiminia pombe ya plamu bila kukaribishwa.

Matouš akaamka, nikamleta mezani, Mama akampa uji. Kijiko kushoto. Mkono wa Mama ukaanza kwenda, mwenyewe tu, kwa mazoea.

"Mwache mtoto na kijiko chake," Baba akasema.

Mama akaurudisha mkono. Matouš akachota, akalenga — pua. Tukacheka wote, na Baba akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.


Ijumaa, 13 Septemba

Ijumaa tarehe kumi na tatu, siku ya mkosi! Mama hakutaka niguse hata kisu cha mkate. Nimeenda mazoezi kwa siri ya wazi.

Sekunde mbili na nusu! Mbili na nusu!! Dole gumba linashuka, magazini inadondoka, nyingine imeshaingia. Květa kasema sasa itabidi afikirie upishi nyumbani kama watu wengine.

Basi jambo limekwisha, si ndiyo? Hapana. Hudeček kaleta fomu jioni na kalamu, na mimi nikashindwa kuijaza nafasi ya bastola. Nimekiona akilini kitanda kile cha kijani, kitupu, au chenye bastola isiyotolewa tena. Jana Baba alinigeuzia kitufe, lakini hakusema nichague ipi, na mimi sikuuliza. Mtu anaweza kukupa kitu kwa mkono huku moyo umekishikilia. Nimemwomba Hudeček aniachie mpaka asubuhi. Amesema wanawake wa shabaha watamzika.

Baba hakuja kula. Yuko bandani tangu saa tisa na bastola zote mbili, ati anazisafisha, mlango kaufunga, anagonga gonga. Nilipobisha akasema niende nikamwogeshe mwanangu. Nimemwogesha. Kanimwagia maji yote — kwa mkono wa kushoto, bila kukosea hata mara moja.


Jumamosi, 14 Septemba

Naandika kwenye benchi uwanjani. Jua zuri, nyasi zina umande. Radim yuko nje ya uzio na Matouš, kamvisha vile vikinga masikio vya rangi ya chungwa, anafanana na rubani mdogo. Tunapiga wa nne. Mkono umenitulia mpaka nashangaa.

Sasa niandike haraka. Baba amekuja na visanduku viwili: chake cha mbao, na cha plastiki cha klabu. Akaviweka mbele yangu kwenye meza ya kuandalia silaha, akasema nichague, yeye anaenda kununua soseji. Nikavuta cha mbao kwanza. Nilitaka kuiona ya zamani tu, niiombe radhi, nicheke mwenyewe.

Nikafungua. Mpya ndiyo iliyolala humo!

Kakitanua kitanda kwa patasi. Mpya ni ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo mbele kuna mbao mbichi, nyeupe, na kitambaa kipya cha kijani ambacho hakifanani sana na kile cha zamani. Ni cha pazia la jikoni la Mama, naapa. Ya zamani iko kwenye plastiki ya klabu, imefungwa kwa soksi yake ya sufu isitikisike.

Karudi na soseji. Nikamwambia Baba, umekiharibu kisanduku chako. Akasema si chake, ni cha mtu wa mkono wa kushoto, na kilichelewa tu kumfikia. Kuhusu ile ya zamani akasema imestaafu kama yeye, itakaa kwenye sefu na kulalamika mgongo. Halafu akanyoosha soseji kwa Matouš juu ya uzio. Mtoto kaipokea kushoto. Baba naye alikuwa ameishika kushoto, sijui kama mwenyewe amejua.

Květa anamaliza sasa. Mkanda nimeshaufunga. Fomu ninayo gotini, nafasi bado tupu, Hudeček anapunga mikono yote miwili na kuniita kwa jina langu refu lote, Bohdana, kama siku ya harusi. Ngoja, Hudeček, ngoja, naandika, nimeshaandika herufi ya kwanza na ni ya ile iliyolala kwenye kisanduku cha mbao.