Simba Kwenye Rupia ya Mama
Songea, Jumanne, 1906

Laiti ningemweleza Mama mapema. Askari waliiona rupia shingoni mwake, wakamkamata kaka: eti aliipora vitani kwenye sanduku la boma. Rupia za sanduku lile zilikuwa mpya, zenye duara la majani. Ya Mama ni ya zamani, ya simba. Tundu la uzi lilishakula tarakimu za mwaka, lakini mgongo wa simba ulikuwa bado unaonekana. Kesho tungemwonyesha Bwana Mkubwa wa boma.

Leo nimemkuta Mama anaisugua kwa mchanga.

“Nitampelekeaje mzungu jasho la shingo yangu, mwanangu?”

Nimeipapasa kwa kidole. Hakuna simba, hakuna majani. Kaka watamnyonga, na mimi...

“Imetakata?” akaniuliza.

Nikamjibu imetakata.