Siku Magazeti ya Kigujarati Yalipoondoka

Alhamisi. Mawingu yameushika mlima tangu asubuhi na manyunyu hayajakatika. Ni ile hali yetu ya Morogoro ambayo nguo zinalala kambani mpaka zinaanza kunuka, na mtu hajui avae sweta au aliache.

Leo lori limekuja kuchukua magazeti.

Nimekaa sebuleni na chai iliyopoa, na sijui haya namwandikia nani. Zawadi, binti yangu, yuko Mwanza na mumewe na mapacha. Nikimpigia saa hizi atakuwa anawaogesha. Ataniambia, "Mama, nakupigia baadaye," na baadaye atakuwa amesinzia. Simlaumu. Basi naandika hapa, kwa yeyote atakayepita.

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya utafiti hapa mjini. Watu wetu ni wale wanaochunguza udongo, mifugo, misitu, na wachache wa historia. Tangu zamani kila maktaba ya aina yetu ilijitunzia vyake. Jarida lilelile lilikuwa kwetu, likawa Dar, likawa Arusha, na kote huko mchwa wanalila bila haraka. Sasa tumekubaliana tuwe na ghala moja la pamoja Dodoma, ambako hewa ni kavu. Kila chapisho litunzwe nakala moja, ile iliyo nzima kuliko zote. Zinazojirudia zitolewe. Msomaji wa popote akihitaji kitu, ataletewa, au atatumiwa picha za kurasa.

Ni mpango mzuri. Niliutetea mwenyewe kwenye vikao, tena kwa sauti.

Kwenye chumba cha chini tulikuwa na rafu moja ambayo hakuna aliyejua aifanye nini. Magazeti ya Kigujarati, yaliyochapwa Dar enzi za ukoloni, yamefungwa kwenye majuzuu makubwa mazito. Kompyuta yetu inayaita "magazeti ya Kihindi", basi, imemaliza. Elisha, mwenzangu wa maktaba ya Dar, alikuwa na rundo kama hilohilo. Ili tujue lipi libaki na lipi litolewe, ilibidi kulinganisha toleo kwa toleo, na hakuna kati yetu anayesoma hata tarakimu zake.

Nikaenda madukani kutafuta msomaji. Vijana wa kule wanakiongea nyumbani, lakini kusoma wanasoma Kiingereza na Kiswahili. Mmoja akanielekeza kwa Mama Kokila.

Mama Kokila ana duka la vitambaa karibu na soko. Mume alishafariki, watoto wake wote wako ng'ambo, na katika ukoo wao hapa mjini amebaki yeye. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikaeleza shida yangu. Aliitikia marahaba, akaniangalia juu ya miwani, akauliza swali moja tu: "Na mwanga upo huko?" Nikasema nitaleta taa ya mezani.

Wenye maduka wa kule hufunga mchana, wakala, wakalala kidogo. Yeye akaacha kulala. Anakuja kwetu.

Mwanzoni ilikuwa kazi kweli. Yeye anasoma tarehe, mimi naandika. Picha za kurasa za Elisha zikiingia kwenye simu yangu anazikuza kwa vidole, anazisoma nazo. Lakini baada ya siku chache alianza kuchelewa kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo. Anasoma jina kwa sauti ndogo, kisha ananiambia kwa Kiswahili: huyu alikuwa na kinu cha kukamua mafuta, huyu aliishi nyuma ya soko, alikuwa anafuga kasuku, huyu mama alinifundisha kukanda unga. Nikaacha kuandika, nikawa nasikiliza. Alikuwa anawataja watu ambao hakuna mwingine mjini anayeyajua majina yao.

Siku moja aliuvuta ukurasa mmoja karibu na taa. Kisha akanishika kidole, akakiweka juu ya mstari mmoja mdogo chini ya ukurasa. Ilikuwa habari ya watoto wa shule ya hapa Morogoro waliocheza ngoma kwenye sikukuu yao, na majina yao yametajwa.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipo."

Sikuweza kusoma. Niliona vijichoro tu, kama mbegu zilizoning'inizwa. Lakini niliacha kidole pale mpaka alipokitoa mwenyewe.

Tangu siku ile nilikuwa nafika kazini asubuhi nikiisubiri saa nane ya mchana. Naandika hili bila kujipamba. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kazi, mwenye nyumba, anasubiri mchana kama mtoto anayesubiri kengele.

Kulinganisha kukaisha. Majuzuu ya Elisha yameliwa vibaya, mengine hayafunguki tena. Ya kwetu ni mazima zaidi. Maana yake ya kwetu ndiyo yamechaguliwa kuwa nakala ya wote, na nakala ya wote inakaa Dodoma. Nilipaswa kufurahi. Elisha alifurahi, alinipigia simu akicheka.

Kwenye makubaliano yetu kuna kifungu kinachosema mkusanyiko wenye msomaji wa mara kwa mara unaweza kubaki ulipo. Nikaandika barua pepe ya kuomba hivyo. Niliiandika vizuri sana, na wala haikuwa na uongo. Ila nilijua, kila nilipoisoma upya, kwamba siombei magazeti.

Sikuituma. Nikaona nimwambie mwenyewe kwanza.

"Mama, naweza kuomba yabaki," nilimwambia. "Nitasema wewe ni msomaji wetu wa kila siku."

Alikuwa anafunua ukurasa, taratibu, kwa viganja vyote viwili. Hakuinua macho. "Huu ukuta unalia, Mama Zawadi. Huuoni?"

Nauona. Kila masika ukuta wa chumba kile unatoa jasho mpaka rangi inabanduka.

"Picha zangu za harusi ziliozea kabatini kwa unyevu kama huu," akasema. "Zote. Sina hata moja. Yapeleke yakakae pakavu."

"Na wewe?"

"Mimi si gazeti."

Hakusema kwa ukali. Aliufuta uso wa meza kwa mkono, akachukua pochi yake, akaaga. Nikaifuta ile barua.

Kwa hiyo leo lori limekuja. Dereva alikuwa na haraka, anataka aipite Dumila, njiani kwenda Dodoma, kabla msongamano wa jioni haujaanza. Nilisimama kwenye manyunyu nikimwelekeza jinsi ya kuyapanga: yalazwe, yasisimamishwe. Turubai nimelikagua mwenyewe, kona kwa kona. Mkuu wetu alitoka akaniambia hongera, sasa tutapata nafasi ya kuweka meza za wanafunzi. Ni kweli, wanafunzi wanakaa kwenye ngazi. Nikasema asante.

Kisha lori likaondoka, nikarudi ndani.

Saa nane ilipofika nilikuwa chumba cha chini. Nilijiambia nafagia. Majuzuu yameacha alama nyeupe ukutani, na taa ya mezani bado iko pale, na viti viwili. Akaja mwanafunzi mmoja akauliza kama kuna soketi ya kuchajia kompyuta. Nikamwonyesha. Akakaa kwenye kiti cha Mama Kokila, akavaa vipokea sauti masikioni. Sikuwa na sababu ya kumwambia ahame.

Nilipotoka kazini miguu ilinipeleka sokoni. Nikasimama upande wa pili wa barabara, chini ya kibaraza cha duka la dawa, nikimtazama. Alikuwa anampimia mteja kitambaa cha pazia, anakivuta kwenye rula ya mbao iliyopigiliwa mezani. Nilitafuta sababu ya kuingia. Siku zote nilikuwa nayo: kuna ukurasa haueleweki, kuna picha mpya kutoka Dar. Leo sikuwa na kitu mkononi zaidi ya mwavuli.

Mteja alipotoka nikavuka.

"Nikupimie nini?" akauliza, bado anakunja kitambaa.

"Sijaja kununua, mama. Shikamoo."

Akainua kichwa. "Marahaba." Akasogeza stuli kwa mguu, nikakaa. "Yameondoka?"

"Yameondoka. Nimeyafunika vizuri."

Akatikisa kichwa kukubali.  Hapo nikagundua kwamba miezi yote hii magazeti ndiyo yaliyokuwa yanaongea, sisi tulikuwa tunayafuata. Mvua ikaongezeka juu ya bati. Alipanga vifungo kwenye kisanduku, mimi nikatazama mabunda ya vitambaa kana kwamba nachagua.

Baadaye akaniuliza, "Umeshakula?"

"Nimeshakula, mama," nikasema.

Sikuwa nimekula. Tangu asubuhi nilikuwa na andazi moja tumboni. Lakini jibu lilitoka lenyewe, kama linavyotutoka sote, kwa adabu, ili mtu asije akasumbuka. Akasema haya. Akaja mteja mwingine, nikaaga, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani. Nikapika ugali wa mtu mmoja, nikala kidogo, nikafunika.

Sasa nafikiria lile swali lake. Ni muda gani umepita tangu mtu aniulize? Nikampa jibu la kufunga mlango.

Mlima hauonekani tena, giza limeushukia pamoja na mvua. Kesho ni Ijumaa. Nikitoka kazini nitapita pale, mikono mitupu hivyohivyo, na akiniuliza nitasema bado.