Koti la Mama Mkwe Nililolikata

Ijumaa, mwezi wa saba. Katandala.

Leo jua limetoka lakini halina kazi. Upepo wa mwezi huu unapenya hata ukuta, na mimi tangu saa nane mchana nimekaa mbele ya cherehani bila kushona chochote. Nimeamua kuandika. Pengine nikishaandika mikono itatulia.

Nianze na sifa zangu, maana ndizo zilizoniponza. Mimi ni mbanaji wa matumizi. Sokoni Mazwi wauza mitumba wakiniona wanaguna kabla sijauliza bei. Kola ya shati la mume wangu ikichakaa, naifumua, naigeuza, shati linarudi kazini. Sketi ya binti yangu Neema nimeishusha pindo mara tatu. Watoto wangu hawajawahi kuvaa nguo inayowakaa sawasawa: ama bado ni kubwa, ama imeshakuwa ndogo. Majirani hucheka, nami hucheka nao, ila hakuna aliyewahi kutuona tumechanika.

Mwaka huu tulichanika. Mama mkwe aliugua muda mrefu, akafariki mwezi wa nne, na kila tulichokuwa nacho kikaishia hospitali na msibani. Baridi ilipoingia, Justo, mwanangu wa mwisho, akaanza kukohoa. Sweta lake lilikuwa limebaki nyuzi.

Na chumbani kwetu lilikuwepo sanduku la marehemu.

Katika ukoo wa mume wangu, nguo za marehemu haziguswi mpaka siku ya kugawa. Siku hiyo hutandazwa mkekani mbele ya wazee, na binti mkubwa huchagua kwanza. Binti mkubwa ni wifi yangu Devota, anayeuza dagaa kule ziwani. Tulikubaliana tugawe baada ya mavuno, naye aweze kufika. Nililijua hilo. Nilikuwepo liliposemwa, tena nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na koti. Koti zito la sufu, la kahawia, ambalo mama alilivaa juu ya kitenge kila asubuhi ya baridi akienda misa. Sikuacha kuliwaza. Koti limelala salama na vidonge vya kuzuia nondo, mtoto anakohoa kitandani. Nikajiambia Devota anakaa kwenye joto la ziwani, koti atalifanyia nini? Atachukua vitenge.

Nikalikata.

Koti la mtu mzima hutoa vijakoti viwili vya watoto ukipanga vizuri. Kimoja cha Justo, kimoja cha Neema. Nilifurahi, nisiseme uongo, hata nikajisifu peke yangu kwa jinsi mikono ilivyokaa. Mume wangu alipouliza, nikamwambia nimebahatisha mtumba Mazwi. Alimshika Justo begani, akakipapasa kidogo kile kijakoti, akasema, "Kitambaa kizuri," kisha akatoka nje.

Leo asubuhi wifi Devota amefika, siku moja kabla ya kugawa. Nikampokea mzigo, nikamwamkia, nikampa uji wa ulezi. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba vitenge wagawane wengine. Yeye anataka koti tu.

Alinieleza kwamba mwaka aliofiwa na mumewe alirudi kwa mama akiwa hali wala hasemi. Mama alimvika koti lile, akamkalisha jikoni karibu na moto, siku baada ya siku, bila kumuuliza neno. Hata kama ziwani kuna joto, alisema, atalitundika tu ukutani alione.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia Justo alipoingia, amevaa kijakoti chake.

Devota alimtazama kwanza usoni, kisha vifungo. Nilikuwa nimevirudisha vile vile, vikubwa vyeusi, na kimoja cheupe ambacho mama alikishona mwenyewe kilipopotea cha asili. Akamvuta Justo, akaweka uso wake mgongoni mwa mtoto, akabaki hivyo. Justo akasema, "Shangazi, unanibana." Hakumwachia mara moja.

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea yote. Yeye alisema tu, "Wifi, ungeniomba ningekupa. Hawa si watoto wa kaka yangu?"

Akajifunga khanga, akaondoka kwenda kwa wazee kule Kasense. Uji hakuumaliza.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu. Sikuomba kwa sababu niliona aibu kuonekana nimeshindwa kuwavika wanangu. Nimegeuza kola na kushusha pindo miaka yote hii, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa kuficha kwamba hatuna. Ilikuwa rahisi kwangu kumwibia marehemu kuliko kumwambia wifi yangu, "Naomba, tumekwama."

Niliacha kuandika mume wangu aliporudi jioni hii. Nimemweleza kila kitu, pamoja na ule uongo wa Mazwi. Alinisikiliza amesimama, kofia mkononi.

"Nilijua siku ile ile nilipolishika," alisema. "Lile koti nilimnunulia mama mimi. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Kesho mkeka utatandikwa Kasense. Justo siwezi kumvua, hana nguo nyingine ya baridi, kwa hiyo atakuja amevaa na wote wataona. Nitasimama kabla Devota hajaitwa kuchagua. Nitasema ni mimi niliyekata, na kwamba sikuomba. Sitasema habari ya kikohozi, maana nikiitaja watanihurumia, na mimi nitaitumia huruma hiyo kujificha tena.

Wazee wanaweza kunitoza faini au kunisamehe. Hilo silihofii sana. Ninachokiogopa ni kwamba Devota atachagua kitenge kimoja kwa adabu, atanishukuru kwa uji, na hatakanyaga tena nyumbani kwangu.